Cessna 172 inagoma kuwaka: praima, throto, moto, na kwa nini ulifanya vizuri kukataa propela ya mkono

Swali la msomaji: "Shikamoo kapteni. Mi ni mwanafunzi wa urubani hapa Arusha, tunatumia Cessna 172 ya zamani ya kabureta, injini Lycoming O-320. Asubuhi inasumbua kuwaka, mchana ikishatoka kuruka inasumbua tena. Mwalimu wangu wa kwanza anapampu throto mara nne tano kabla ya kupiga stata, mwalimu wa pili akiniona nafanya hivyo anakasirika, sielewi nimfuate nani. Wiki iliyopita betri ililala, mtu mmoja pale akasema yeye atazungusha propela kwa mkono mi nikae ndani nikanyage breki. Nikakataa, wakaniita muoga. Nilikosea? Na moto ukitokea wakati nawasha nifanyeje, nibaki au nitoke?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la betri maana ndo linaloua watu, hayo mengine yanaharibu stata na yanachosha tu. Hukukosea hata kidogo. Na hilo neno muoga naomba usilibebe, mwanafunzi anayeweza kusema hapana mbele ya watu wazima waliosimama wanamwangalia ana kitu ambacho hakifundishwi darasani, kitunze hicho.

Sasa nikueleze kwa nini, ili siku nyingine ukikataa uwe na sababu mdomoni. Injini ya ndege ndogo haitegemei betri ili plagi zichome. Ina magneto mbili, na kila moja inajitengenezea umeme wake yenyewe ilimradi inazungushwa, ndo maana hata ukizima masta, ile swichi kuu ya umeme, hewani injini inaendelea kama hakuna kilichotokea. Ile swichi ya ufunguo ukiiweka OFF watu wanadhani inakata umeme, hapana, inafanya kinyume chake, inaunganisha magneto na bodi ya injini kupitia kawaya kamoja kembamba ili umeme uishie huko usifike kwenye plagi. Kwa hiyo huo waya ukikatika, au nati yake ikilegea kwa mtetemo wa miaka, au swichi yenyewe ikichoka ndani, magneto inabaki hai muda wote. Ufunguo uko mfukoni mwako, masta imezimwa, betri imekufa kabisa, na injini bado inaweza kuwaka. Hakuna taa itakayokuambia na kwa nje hutaona tofauti yoyote.

Alafu kuna kitu kingine. Ukizungusha propela ya O-320 kwa mkono polepole utasikia "tak" kutoka nyuma ya injini, hiyo ni springi iliyoko kwenye magneto, mafundi wanaita impulsi. Kazi yake ni kuishikilia magneto nyuma kidogo alafu kuiachia ghafla, ili hata kama injini inazunguka polepole sana cheche itoke kali, na itoke kwa kuchelewa, maana kwa kawaida O-320 nyingi zinachoma digrii 25 kabla pistoni haijafika juu, na kwa mwendo wa stata ukichoma mapema hivyo injini inarudisha teke kinyumenyume. Maana yake kwako ni hii: cheche kali haihitaji spidi wala nguvu. Mtu anasogeza propela robo mzunguko tu ili afungue kaulingi, lile bati linalofunika injini, au afungie tobaa, ile fimbo ya kuvutia ndege, kwenye silinda moja kumebaki mvuke kidogo wa petroli, waya wa magneto umekatika na hakuna anayejua, "tak", injini inapiga mara moja. Mara moja inatosha kuvunja mkono.

Na ikishika ikaendelea, piga hesabu mwenyewe. Propela ya 172 nyingi ni kama inchi 75 toka ncha hadi ncha. Kwa RPM 1,000, yaani mizunguko 1,000 kwa dakika, ambayo ndo tunaita mwendo wa kupumzika, ncha inapita karibu mita 100 kila sekunde, yaani kama kilomita 360 kwa saa, na jicho halioni kitu pale, linaona kivuli tu. Na wanaopigwa na propela sio wageni tu, wamo watu wanaoijua vizuri, wamezoea kupita karibu nayo kila siku.

Nakubali zipo ndege zilizotengenezwa kuwashwa kwa mkono, zile Piper Cub za zamani hazina hata stata, na wapo watu waliofundishwa kazi hiyo wanaoifanya vizuri: vizuizi kwenye matairi, mkia umefungwa kwa kamba, ndani yupo rubani anayeijua ndege ile, wanaitikiana kwa sauti swichi na breki kabla mtu hajagusa kitu, anayezungusha amevaa nguo isiyoning'inia na amesimama mahali pakavu pasipoteleza. Lakini 172 ina gurudumu la mbele, propela iko chini zaidi, anayeizungusha analazimika kuinama kuelekea kwenye hatari badala ya kurudi nyuma. Na wewe ndani una masaa machache, breki umekanyaga kwa miguu inayotetemeka, throto, ile nobu ya kuongeza nguvu ya injini, imefunguliwa zaidi ya inavyotakiwa kwa sababu kila mtu anataka iwake haraka, injini inashika kwa nguvu, ndege inaruka mbele na mtu yuko pale mbele. Ndege ya namna hiyo ikitoroka haisimami mpaka ikute ukuta, ndege nyingine au watu.

Betri ikilala, itolewe ikachajiwe. Najua ratiba inabanwa, najua umelipia saa yako. Lakini hata wakikuunganishia umeme wa nje ikawaka, bado kuna mambo mawili. La kwanza volti: 172 za zamani zina mfumo wa volti 12, kuanzia modeli ya 1978 zikawa volti 24, na mtu akija na waya na betri ya gari bila kujua ipi ni ipi anaweza kukuunguzia vitu vya mamilioni. La pili, oltaneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, inahitaji umeme kidogo wa betri ili ianze kuzalisha, na betri iliyokufa kabisa ikianza kuchajiwa kwa nguvu ukiwa unaruka inapata moto, na oltaneta ikifa huko juu huna akiba ya redio wala ya taa. Kwa hiyo betri iliyolala kabisa ina maana leo haturuki, alafu fundi atafute kwa nini ililala. Mara nyingi ni mtu alisahau masta, na hapo kuna dawa rahisi: wacha swichi ya taa nyekundu inayomulika mkiani ON muda wote, hata ukizima ndege. Ukiondoka ukaiona inamulika unajua masta haijazimwa.

Sasa ya asubuhi. Petroli ya majimaji haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa kwa kiasi. Asubuhi ya Arusha mwezi wa sita au wa saba chuma chote kimepoa, petroli ikiingia inanata kwenye kuta za mabomba kama matone badala ya kugeuka mvuke, kwa hiyo silinda zinapata hewa tupu na injini inazunguka tu bila kushika. Ndo kazi ya praima, ile pampu ndogo ya mkono upande wa kushoto wa dashibodi. Inachukua petroli na kuinyunyiza karibu kabisa na valvu za kuingizia, haipiti kwenye kabureta. Kitabu cha 172 za kizazi hicho kinasema pampu 2 hadi 6 injini ikiwa baridi, na hakuna kabisa ikiwa ya moto. Kwa Arusha mi ningeanza na 3, asubuhi yenye baridi kali 4. Ila angalia mkono unavyofanya. Wengi wanavuta na kusukuma harakaharaka, hapo unasukuma hewa. Vuta taratibu, subiri kidogo silinda ya pampu ijae, alafu sukuma kwa uthabiti, utausikia kabisa mkononi ule uzito wa petroli, ukisukuma ikaenda laini bila upinzani jua hukupeleka kitu, hiyo usiihesabu. Ukimaliza isukume ndani uizungushe ijifunge, ivute kidogo kuhakikisha, maana praima isiyofungwa injini inaendelea kunyonya petroli kupitia pale na itakuwa inatikisika na kutoa moshi mweusi na utahangaika kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Throto fungua kidogo sana, kitabu kinasema sehemu moja ya nane ya inchi, yaani kama milimita 3. Miksha, ile nobu nyekundu inayopima kiasi cha petroli kinachochanganywa na hewa, ndani kabisa. Hita ya kabureta imefungwa. Alafu piga stata mara tu baada ya praima, sio uprime alafu uanze kutafuta hedseti na kujibu simu, ile petroli inateremka na faida imepotea.

Kuhusu kupampu throto, mwalimu wako wa pili yuko sahihi, na sio kwa sababu ya ubishi. Kabureta ya O-320 iko chini ya injini, hewa inaingia kutoka chini kwenda juu. Ndani yake kuna kapampu kanakorusha petroli kila unaposukuma throto, kametengenezwa kwa ajili ya injini inayozunguka ili isikohoe ukiongeza nguvu ghafla. Injini ikiwa inazunguka kuna hewa inayonyonywa kwenda juu na inaibeba hiyo petroli. Injini ikiwa imesimama hakuna cha kuibeba, petroli inarushwa juu inarudi chini, inapita kabureta inaenda kukaa kwenye boksi la hewa na filta. Mara ya nne ya tano unaona petroli inadondoka chini ya pua ya ndege, doa la bluu kwenye sementi. Sasa piga stata hapo, silinda moja ichome vibaya valvu ikiwa wazi, moto unarudi nyuma kupitia mabomba mpaka kabureta, na chini yake umeshauwekea petroli. Moto mwingi wa kuwasha unaanza hivyo hivyo. Wanaopampu wamezoea magari ya zamani na pikipiki, na ukweli ni kwamba mara nyingi inawaka bila tatizo, kwa hiyo tabia inaendelea. Kama ni lazima kusaidia kwa throto, basi ni wakati stata tayari inazungusha, msukumo mmoja mfupi, na kizima moto kiko karibu.

Injini ikikataa ndo sasa usiongeze chochote kabla hujajiuliza: imenyimwa au imezidishiwa? Hapa ndo watu wanapoharibu, inakataa mara ya kwanza wanaongeza praima, inakataa wanaongeza tena, baada ya dakika mbili injini imejaa petroli na kila wanachofanya kinazidisha. Sikiliza. Injini iliyonyimwa inazunguka kikavu, haitoi dalili yoyote, au inapiga mara moja mbili kwa udhaifu na kukata mara moja. Hiyo ongeza praima moja, mbili. Iliyozidishiwa inapiga piga kwa kusuasua, moshi mweusi unatoka ekzosti, harufu ya petroli inaingia mpaka ndani, au inashika sekunde mbili inazama. Hiyo usiipe tena. Vuta miksha nje kabisa ili mafuta yakatike, fungua throto mpaka mwisho ili hewa nyingi iingie, piga stata, itazunguka ikijikausha, na pale tu itakaposhika rudisha throto haraka huku unaingiza miksha taratibu. Mikono miwili kazi mbili kwa wakati mmoja na ufunguo juu yake, kwa hiyo fanya mazoezi kavu ukiwa umekaa, masta imezimwa, mara kadhaa mpaka mikono ijue, kwa sababu throto ikiachwa wazi injini ikashika kwa nguvu zote huku oili bado haijapanda unaiumiza vibaya, na ndege inaweza kukutoka.

Ukinusa petroli nyingi au ukiona inadondoka chini, achana na yote hayo. Zima kila kitu, shuka, subiri mpaka ikauke kabisa.

Na stata yenyewe ina kikomo. Kitabu cha 172 mpya zaidi kinatoa kipimo ambacho mi nakitumia kwa zote kama kitabu cha ndege husika hakijasema vingine: sekunde 10 za kuzungusha, sekunde 20 za kupumzika, unarudia mara mbili zaidi, baada ya hapo dakika 10 ipoe. Zile sekunde 20 zina faida nyingine, zinakulazimisha ufikiri badala ya kubana ufunguo kwa hasira.

Kuna dalili moja ningependa uichunguze kwenye hiyo ndege yenu. Je, inazunguka zunguka haishiki, alafu inashika pale pale unapouachia ufunguo? Kama ndo hivyo basi tatizo sio mafuta. Kwenye injini nyingi ufunguo ukiwa START ni magneto ya kushoto peke yake, ile yenye impulsi, ndo inaruhusiwa kuchoma, ya kulia imefungwa isije ikarudisha teke. Ukiachia ufunguo unarudi BOTH na ya kulia inaingia kazini, na propela bado ina kasi kidogo, inashika. Maana yake ya kushoto haifanyi kazi yake wakati wa kuwasha, impulsi imekwama au waya au swichi. Mwambie fundi kwa maneno hayo hayo, umemrahisishia kazi, na praima zote mlizokuwa mnaongeza zilikuwa bure.

Mchana ni kinyume cha asubuhi. Ukizima injini baada ya kuruka hakuna tena hewa ya kuipoza, joto linapanda na kukusanyika chini ya kaulingi kama nusu saa hivi, petroli iliyoko kwenye kabureta na mabomba inachemka na kugeuka mvuke wenyewe. Kwa hiyo injini tayari ina mvuke mwingi, wewe unakuja unaiprime mara 3 kwa mazoea ya asubuhi, umeizamisha. Ikiwa ya moto usiprime, fungua throto kidogo zaidi ya asubuhi, piga. Ikikataa fanya ile ya kukausha. Na ukipata nafasi egesha pua iangalie upepo. Siku ukihamia 172 za 1996 kuja huku, hizo hazina kabureta, zina injekta, na kuwasha kwake ikiwa ya moto ni mchezo mwingine wenye pampu ya umeme, usibebe njia ya hii ukaipeleka kule, fungua kitabu chake.

Haya, moto. Umeuliza nibaki au nitoke, na jibu litakushangaza: sekunde za kwanza unabaki, na unaendelea kupiga stata. Mwili wote utakuambia achia ufunguo ukimbie. Lakini ule moto uko kwenye mdomo wa kabureta, injini ikizunguka inaunyonya moto pamoja na petroli kuupeleka ndani ya silinda ambako ndo mahali pake, ukiacha kuzungusha unaubakiza nje unakula plastiki na mabomba. Ikishika, iache kama RPM 1,700 kwa dakika chache, alafu zima ikakaguliwe, hata kama kwa nje haionekani kitu usiruke nayo. Isiposhika: miksha nje kabisa, throto wazi mpaka mwisho, endelea kuzungusha ili imalize petroli iliyobaki, na kama bado unaona moto basi koki ya mafuta ifungwe, masta OFF, magneto OFF, chukua mtungi wa kuzima moto, abiria watoke, wewe utoke, mkielekea nyuma na kuelekea upepo unakotoka. Mtungi unapigwa kuelekea chini ya moto, sio juu kwenye ndimi zake.

Tatizo ni kwamba wewe uliyekaa ndani mara nyingi hutauona, kwa sababu uko chini ya pua. Utaona moshi, au rangi ya kaulingi inavimba, au hutaona kitu mpaka umechelewa. Ndo maana napenda kuwepo mtu wa nje, amesimama pembeni mbele kushoto unapomwona uso, mbali na propela, na mmekubaliana kabla ishara ya moto ni ipi. Kama yuko mtu aliyetayari kukuzungushia propela kwa mkono, mpe kazi hii badala yake, ashike mtungi.

Kabla ya ufunguo kuna yale ya nje, mengi unayafanya tayari kwenye ukaguzi kwa hiyo nitagusa yale ya huku kwetu. Viota. Ndege ikilala wikendi mbili, ndege wa kweli wanaingia kwenye mianya ya kaulingi wanajaza majani makavu juu ya silinda, na hayo majani yanashika moto injini ikipata joto, chungulia kwa tochi, ukiona jani moja limetokeza omba kaulingi ifunguliwe. Nyigu wa udongo nao wanaziba tundu la pumzi la tangi, mafuta yanashindwa kushuka. Maji kwenye mafuta, hasa ukitoka Pwani ambako tangi ikilala nusu tupu usiku unyevu unageuka maji ndani yake, toa sampuli kila tundu, uiangalie kwenye mwanga, avgas 100LL, yaani petroli ya ndege, ni ya bluu na maji yanakaa chini yake kama tone lisilo na rangi. Ile fimbo ya kuvutia ndege kwenye gurudumu la mbele imetolewa? Inasahaulika kuliko unavyodhani, na propela ikiigonga ni injini nzima kufunguliwa.

Na ardhi. Viwanja vyetu vingi vya mbugani ni murram, Seronera, Ndutu na kwingineko, na propela hata kwa RPM 1,000 inanyonya kokoto na kujichonga, kidonda kidogo cha ukucha kwenye ukingo wa mbele wa propela ndo mwanzo wa ufa. Tafuta palipo pagumu au pana nyasi fupi, washa kwa nguvu ndogo kabisa, usikae hapo ukipima magneto, zipime ndege ikiwa inatembea taratibu kama waalimu wako wanaruhusu. Angalia pia mkia unaangalia wapi, vumbi lako linaingia kwenye hanga ya nani na macho ya nani.

Watu ndo kubwa. Vijijini ndege ikitua watoto wanakuja mbio, mbuzi nao wapo, abiria anataka picha moja ya mwisho mbele ya propela. Mi nina msimamo ambao siulegezi: abiria hapandi wala hashuki injini ikiwa inazunguka, hata kama tunachelewa. Kwenye ndege ya bawa la juu kama 172 unaweza kushuka na kutembea mbele bila kitu kukuzuia, nguzo ya bawa ukishaipita kwa mbele hakuna kingine kati yako na propela. Waambie kabla, kwa lugha wanayoielewa: mkishuka mnaelekea mkiani.

Alafu ule ukelele wa kuonya watu kabla ya kuwasha. Taa nyekundu ON, dirisha wazi, "Klia propu!" kwa sauti ya kufika nyuma ya ndege, na sasa subiri. Nimeona wanafunzi wengi wanapiga kelele na ufunguo kwa pamoja, hapo ukelele umekuwa wimbo, haumpi mtu nafasi ya kutoka wala kukujibu. Paza sauti, angalia kushoto, mbele, kulia, sikiliza, ndo uguse ufunguo. Tukiwa kwa watu wasiojua kiingereza nasema kwa Kiswahili, "Nawasha injini, kaeni mbali!", mwenye kuhitaji kuelewa ni yule aliyesimama nje. Redio na vifaa vya urambazaji viwe OFF wakati huo, umeme unaruka ruka stata ikiingia na kutoka.

Ikishika achia ufunguo hapo hapo, throto iwe kwenye RPM 800 hadi 1,000, na macho yaende kwenye geji ya presha ya oili kabla ya kitu kingine chochote. Sekunde 30. Kama haijapanda, zima kwa miksha, usipandishe RPM kuitafuta. Asubuhi ya baridi oili nzito inachelewa kidogo kupanda, lakini kwa hali ya hewa yetu sijawahi kuona sababu ya kuvumilia zaidi ya hapo. Jicho la pili liende kwenye amita, ile geji ya umeme. Ikionyesha mzigo mkubwa usioshuka, au taa ya stata imebaki inawaka kama ndege yako inayo, inawezekana stata imeng'ang'ania haijaachia, zima injini na masta mara moja.

Baada ya hapo vuta miksha kidogo ukiwa chini. Arusha iko kama futi 4,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, miksha ikiwa ndani kabisa unachoma petroli nyingi mno na masizi ya risasi (ile metali, lead) iliyomo kwenye 100LL yanaganda kwenye plagi, kesho yake ndo unaona asubuhi inasumbua kuwaka na ukizima magneto moja kuipima kwenye RPM 1,700 injini inashuka zaidi ya RPM 125 inayoruhusiwa. Yaani sehemu ya ugonjwa wenu wa asubuhi inawezekana mnautengeneza wenyewe jana yake wakati wa kutaksi, yaani kuiendesha ndege ikiwa chini. Ila usisahau kuiweka sawa kabla ya kupaa, kwa utaratibu wa kitabu kwa viwanja vya juu ya futi 3,000.

La mwisho linarudi kwenye ule waya wa magneto. Unaweza kuupima kila siku kabla ya kuzima, inachukua sekunde mbili. Injini ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa, peleka ufunguo OFF na urudishe BOTH mara moja kabla haijafa. Inatakiwa uisikie inaanza kuzima. Ikiendelea kuunguruma kana kwamba hukugusa kitu, kuna magneto iliyo hai, izime kwa miksha, andika kwenye kitabu cha kasoro, weka onyo kwenye propela na mwambie fundi kabla hujaenda nyumbani. Usiifanye kwa RPM kubwa, petroli isiyochomwa inajaa kwenye ekzosti na kulipuka. Muulize mwalimu wako wa pili akuonyeshe mara ya kwanza, kwa ulivyomwelezea hapa nadhani atafurahi kuulizwa.